Sauti Iliyofungiwa Kabatini

Mashine ikinyamaza, vijana wangu, msikimbilie bisibisi. Wala msikimbilie mtandao kunakili amri za watu msiowajua. Ketini kwanza, agizeni chai, ulizeni maswali. Najua ushauri huu hauwafurahishi, maana mteja wa Migori hata leo hahesabu kuwa fundi amefika mpaka aone vifuniko vimefunguliwa na vumbi linaruka. Ukiketi na kikombe mkononi ukimuuliza habari za nyumbani kwake, anadhani umekuja kuposa.

Nimefanya kazi ya vyombo vya sauti zaidi ya miaka thelathini. Nilianza na redio za betri, nikamalizia na kompyuta za Linux, ule mfumo wa bure ambao shule na ofisi zetu ziliupokea kwa mikono miwili kwa sababu haudai leseni. Ubaya ni kwamba watu wetu wanaamini kitu cha bure hakina haki ya kulalamikiwa. Sauti ikipotea, wao pia hunyamaza. Nimewahi kukuta shule iliyokuwa na kompyuta bubu kwa miaka miwili, na mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama, hizi tulipewa tu."

Nilijifunza kwa Mzee Ogola, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na daraja la Migori. Mimi ni Mkuria na yeye alikuwa Mjaluo, kwa hiyo tulifundishana na kugombana kwa Kiswahili, na makosa tuliyoyafanya katika lugha hiyo tuligawana sawasawa. Wateja waliokuja walinitazama, wakamtazama, wakauliza fundi yuko wapi. Mzee alikuwa akijibu, "Huyo mwenye sketi. Mimi ni karani wake." Hakuwahi kuniambia kwamba ananiheshimu, ila jibu hilo alilitoa kila siku.

Mzee alikuwa na maswali matatu kabla ya kugusa chombo chochote. La kwanza: ilisikika mara ya mwisho lini? La pili: tangu hapo, nani ameigusa? La tatu: sasa inasikika wapi? Hilo la tatu niliona ni utani wa uzee. Redio imekufa, utauliza vipi inasikika wapi?

Siku moja alikuja mwanamume kutoka upande wa Suna na redio yake kubwa begani, amenuna. Imekufa, akasema, tangu Jumapili. Mzee akamuuliza maswali yake. Kufika la tatu, mwanamume akakasirika. "Mzee, ningejua inasikika wapi ningekuja kwako?" Mzee akageuza redio, akaonyesha vipande viwili vya waya vilivyokatwa nyuma. "Hii waya ilikuwa inaenda wapi kabla uikate?" Ikabainika kwamba mkewe alikuwa amevuta waya hadi spika iliyokuwa jikoni, na tangu Jumapili alikuwa akisikiliza mahubiri kule akipika, huku mumewe sebuleni akiipiga redio makofi. "Sauti haifi, bwana," Mzee akamwambia. "Inahama. Rudi nyumbani ukamwombe msamaha."

Nilicheka siku hiyo. Nilipaswa kuandika.

Kwa sababu nilipofika kwenye kompyuta nilijiona nimempita Mzee. Nilijua kufungua ule ukurasa mweusi wa kurekebisha sauti, wenye minara inayopanda na kushuka, na nilijua kwamba ukiona herufi mbili za M chini ya mnara, mnara huo umezibwa mdomo, na ukibonyeza M unazibuka. Kwa elimu hiyo moja nilikula vizuri miaka kadhaa. Watu waliita wachungaji, wakanunua spika mpya, wakabadilisha hata umeme, mimi nikaja nikabonyeza herufi moja. Nilijifunza kukunja uso na kuguna kabla ya kuibonyeza, ili heshima ya kazi ibaki.

Halafu Muhuru Bay ikanishusha. Mama mmoja, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa na kompyuta ndogo aliyoiweka dukani ikimpigia nyimbo za kwaya kutwa. Ikanyamaza. Nilifungua ukurasa wangu mweusi. Minara yote ilikuwa wazi. Nikafuta programu za sauti nikaziweka upya. Nikafuta mfumo wote nikauweka upya. Mchana ukapita, samaki wakaanikwa, wakageuzwa, wakaanuliwa, mimi bado naguna. Mwishowe yule mama akainamia mashine, akaitazama ubavuni pale penye tundu la spika za masikioni, akachomoa sindano kwenye kitambaa cha kichwa chake, akachokora. Kikatoka kichwa cha omena, kikavu, na macho yake mawili. Kwaya ikaanza kuimba.

Mashine ilikuwa imedhani mtu amechomeka spika za masikioni, kwa hiyo ikapeleka nyimbo zote kwenye kichwa cha samaki.

"Sasa, fundi," yule mama aliniuliza, "hii ndiyo mulikuwa mnasoma miaka yote hiyo?"

Nawaambieni haya ili muelewe kwamba nilikuwa nimeonywa mara mbili kabla ya jambo la Homa Bay. Sina kisingizio.

Ilikuwa ofisi ya umma, na sitaitaja, maana zote zinafanana na kila mmoja atadhani nasema yake. Niliitwa na mwandishi wa taipu aliyeitwa Akoth, binti wa kutoka Lambwe, asiyeona tangu utotoni. Kompyuta yake ilikuwa ya Linux, na ndani yake kulikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye kioo. Alikuwa ameipanga imrudishie kila neno alipomaliza kuliandika. Kwa njia hiyo alitaipu haraka kuliko wenzake wote wenye macho, ambao nusu ya muda macho yao yalikuwa kwenye simu. Sauti yenyewe ilikuwa ya kike, ya Kiingereza, na ilitamka majina ya Kijaluo kama mtu mwenye viazi moto mdomoni, lakini Akoth alisema ameizoea kama mtu anavyozoea shangazi.

Shangazi alikuwa amenyamaza wiki tatu.

"Mama Boke," Akoth aliniambia nilipovuta kiti, "mimi niko kwa majaribio ya miezi sita. Ijumaa ripoti yangu inaenda. Kwa wiki tatu sijatoa hata ukurasa mmoja. Nimewaambia mashine haiongei, wanaambiana mimi ndiye siwezi."

"Nani anaandika ripoti?"

"Bwana Odera. Msaidizi wa mkurugenzi. Alikuja akaangalia, akasema kioo kinawaka."

Nilimwona Bwana Odera siku hiyohiyo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na kompyuta yake mwenyewe iliyokufa kwa virusi tangu Pasaka. Alinionyesha fomu ya ukaguzi. Fomu iliuliza: Je, kompyuta inawaka? Akaweka alama ya ndiyo. Je, inaandika? Ndiyo. Hapakuwa na mstari unaouliza kama inaongea, na jambo lisilo na mstari kwenye fomu, katika ofisi ile, halikuwa limetokea.

"Fundi, mimi simchukii huyu msichana," alisema. "Lakini mashine ni nzima. Mimi mwenyewe huitumia saa ya chakula, inaandika kama maji."

Nilimpa Akoth habari hizo tulipobaki wawili. "Nikitoka mimi," akasema, "hawatasema Akoth alishindwa. Watasema vipofu wanashindwa. Kuna wasichana wawili kule shuleni kwetu wanangoja waone kama nitabaki."

Basi nikaanza kazi, na nikaanza vibaya. Ukurasa mweusi: minara yote wazi, hakuna M hata moja. Nikachokora tundu, kwa heshima ya Muhuru Bay, safi. Nikabadilisha spika. Nikabadilisha spika za masikioni. Siku nzima ikaisha. Kulikuwa na kijana wa mafunzo aliyetaka tunakili amri fulani aliyoipata mtandaoni. Nilimkataza, kwa kuwa nilishawahi kuona amri kama hiyo Migori ikifuta programu ya sauti pamoja na kila kilichoitegemea, ikiwemo picha, na mteja akabaki na kioo cheusi kinachopepesa kistari kimoja.

Sasa sikilizeni kosa langu. Asubuhi ya kwanza, nilipokuwa nikiandika jina langu getini, mlinzi aliniambia kitu. Aliitwa Baba Owino, mtu mzima mwenye koti zito hata jua likiwaka. Alisema, "Fundi, ukimaliza kwa Akoth, uangalie na ukumbi. Kuna mwanamke anaongea ndani ya ukuta."

"Anasema nini?"

"Kizungu. Anaongea pole pole kama mtu ananong'ona. Nilireport. Walileta pasta akaomba, huyo mwanamke akanyamaza siku ya Jumapili. Jumatatu akaanza tena."

Nilimwambia pole, nikapita. Nilidhani ni baridi ya zamu imemwingia kichwani. Mtu alinipa jibu la swali la tatu la Mzee Ogola bure, getini, kabla sijaliuliza, na mimi nikasaini kitabu nikaenda zangu kutafuta herufi M.

Siku ya pili, Alhamisi, karibu na saa saba mchana, nilikuwa nimekata tamaa. Fundi aliyekata tamaa hufanya kile ambacho kila mtu hufanya: nilipandisha sauti ya mashine hadi mwisho kabisa, nikatega sikio. Kimya. Nikaketi. Akoth akaniagizia chai. Nikiwa na kikombe mkononi ndipo Mzee Ogola alipokuja kichwani, na nikamuuliza Akoth, kwa aibu kidogo, yale maswali matatu.

Mara ya mwisho ilisikika lini? Jumatatu, wiki tatu zilizopita, asubuhi. Nani ameigusa tangu hapo? Bwana Odera tu, saa ya chakula. Ila mchana ule walikuja vijana wa kuweka televisheni ya ukumbini, na mmoja alipiga magoti nyuma ya meza yake, akasema wanataka kompyuta ya karibu ili wageni waonyeshwe picha.

Jumapili akanyamaza. Jumatatu akaanza tena. Jumapili ofisi imefungwa.

Niliweka kikombe chini. Nilipapasa nyuma ya mashine nikapata waya mweusi mpya, mnene, ukiingia kwenye tundu la ukuta. Nikafungua orodha ya mahali ambapo sauti inaweza kwenda, orodha ambayo kwa siku mbili sikuwa nimeigusa, nikaona alama imekaa mbele ya televisheni. Minara ilikuwa wazi kweli. Nilikuwa nimekagua mfereji mzima bila kuuliza maji yanaelekea shamba la nani.

Na kwa nini hakuna aliyeiona televisheni ikiwaka? Kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuiona. Ilikuwa haijazinduliwa. Walikuwa wameifunika kitambaa cha kufumwa, wakaifungia ndani ya kabati la mbao ukutani, wakapiga kufuli, wakafunga utepe mwekundu mbele ya milango, wakamngoja mgeni rasmi apate nafasi. Kila asubuhi Akoth alipowasha mashine, televisheni ilijiwasha gizani, ikasomea kitambaa kila neno alilojaribu kuandika mpaka jioni.

Nilinyoosha kidole kuchagua spika za mezani kwenye orodha. Mlango ukafunguliwa.

"Fundi, nipishe kidogo," alisema Bwana Odera. "Nina barua ya haraka. Akoth, nenda ule."

"Sijamaliza, bwana," nilimwambia. "Shida ya hii mashine nimei—"

"Inawaka ama haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi."

Alikuwa ameshaketi. Mimi nimelelewa kumpisha mtu anayeketi. Nikamshika Akoth mkono, tukatoka kwenye ujia.

"Umepata," akasema. Si swali, alikuwa amesikia ninavyopumua.

"Nimepata. Sauti yako iko ukumbini, ndani ya kabati la televisheni."

Alisimama. "Na yeye amekaa kwa mashine yangu?"

"Amekaa."

"Anaandika?"

Tulisikiza. Bwana Odera alitaipu kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama mtu anayeua viroboto.

"Anaandika."

"Na sauti uliacha wapi?"

"Juu kabisa."

Akoth alinyoosha sketi yake. "Mama, twende ukumbini tukae. Miguu inaniuma."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wakulima wa kutoka Lambwe walikuwa wameitwa kutoa maoni kuhusu barabara, na mkurugenzi, mama mpole mwenye miwani, alikuwa ameketi mbele akisubiri watulie. Ila walikuwa wametulia tayari. Wote walikuwa wanatazama kabati. Kutoka nyuma ya utepe mwekundu, sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema kwa Kiingereza, neno moja moja, kwa sauti ya kutikisa mbao:

"Kuhusu. Miss. Akoth."

Mzee mmoja mstaafu wa ualimu, aliyeketi mstari wa mbele, alikuwa akiwatafsiria majirani kwa Kijaluo bila kuombwa. Kwa kuwa neno lilikuja moja moja, alikuwa na nafasi ya kutosha, na hata ya kutoa maoni.

"Ameshindwa. Kutekeleza. Majukumu."

"Nani ameshindwa?" mama mmoja aliuliza.

"Ngoja, bado hajamaliza," mwalimu akasema.

"Ijapokuwa. Amepewa. Mashine." Kimya kirefu, nadhani Bwana Odera alikuwa anatafuta herufi. "Ambayo. Ni. Nzima. Kabisa. Nukta."

Baba Owino alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Si niliwaambia," alisema tu, na akavua kofia, kama mtu aliyeachiliwa na mahakama.

Mkurugenzi akaomba ufunguo wa kabati. Ufunguo ulikuwa kwa Bwana Odera. Akasema mtu amwite, na Akoth akainua mkono kutoka nyuma, kama mwanafunzi.

"Madam, samahani. Ukimwita ataacha kuandika."

Mkurugenzi alimtazama Akoth. Kisha akamtazama Baba Owino na panga lake la kufyekea nyasi. Ndivyo televisheni ile ilivyozinduliwa: mlinzi akakata utepe, akabandua kufuli kwa pigo moja, akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri. Barua ilikuwa pale, kubwa kama mlango, na kistari kikipepesa mwisho wa mstari. Mbele ya macho ya wakulima wote ikaendelea kujiandika. Ilipendekeza aajiriwe mtu "mwenye uwezo wa kuona", na ilitaja kwa jina mpwa mmoja aliyekuwa na cheti na hakuwa na kazi.

"Huyo mpwa namjua," mwalimu mstaafu alisema, na hilo hakulitafsiri.

Mkurugenzi aliniuliza hali hiyo imekuwepo tangu lini. Nikamwambia tangu siku waya ulipochomekwa, wiki tatu. Nikamwambia pia kwamba mashine ni nzima kabisa, kama ilivyoandikwa, na kwamba sauti haikufa, ilihama. Na nikamwambia, kwa sababu deni la ukweli hulipwa mahali ulipokopa, kwamba mlinzi alinieleza hayo asubuhi ya kwanza na sikumsikiliza. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hata mimi aliniandikia," akasema. "Nilimpelekea pasta."

Ripoti ya Ijumaa aliiandika yeye mwenyewe. Akoth alithibitishwa. Bwana Odera hakufukuzwa, msije mkadhani nawasimulia hadithi za watoto. Alihamishiwa stoo ya vifaa, ambako nasikia anakagua kama vitu vinawaka. Kamati ya ofisi nayo ilikaa, ikaamua kwamba kabati linunuliwe kufuli kubwa zaidi.

Lakini nataka kumalizia na dakika zile za baadaye, tuliporudi chumbani. Kiti kilikuwa bado na joto. Bwana Odera alikuwa ameitwa mbele, akaondoka haraka bila kufunga chochote. Nilifungua ile orodha, nikahamisha alama kutoka kwenye televisheni hadi kwenye spika za masikioni, nikapunguza sauti kwa ajili ya masikio ya binti wa watu. Kazi ya sekunde tatu, baada ya siku mbili. Akoth akazivaa. Aliketi wima, mikono juu ya meza, akingoja.

Nikafunga barua. Uso wake ukabadilika.

"Anaongea?" nikauliza.

"Anaongea."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama barua ya Bwana Odera ihifadhiwe, ama itupwe."

Nilinyoosha mkono kuitupa. Akoth aliufikia mkono wangu kabla haujafika, akauweka pembeni taratibu. "Mos, Mama, pole pole." Kisha akatafuta kitufe bila kuharakisha, akakibonyeza, akasikiliza hadi shangazi amalize kuthibitisha.

"Nimeihifadhi," akasema. "Ile siku watamleta mwingine wa kuninyamazisha, sitaki kuanza upya kutafuta sauti iko wapi."